Hereni Ina Nini Ndani? Niliulizwa, Nikakosa Jibu

MSOMAJI wangu, yapo maswali ya kitoto ambayo mtu mzima akiulizwa anatoka jasho. Mimi langu lilikuja kwa simu, Jumatatu saa nne asubuhi, nikiwa kibandani napangusa vumbi la shanga na kungojea mteja wa kwanza. Hata chai nilikuwa sijanywa.

Biashara yangu wengi mnaijua hata kama mimi hamnijui. Nauza hereni za shanga, bangili, mikufu na kobazi za Kimasai hapa hapa Arusha mjini. Nyingine natengeneza kwa mkono wangu, nyingine nashonewa na akina mama wa upande wa Mlima Meru. Mzungu akishatoka kuwaona simba wa Serengeti, kabla hajapanda ndege yake pale KIA, lazima anunue kitu cha kumpelekea shangazi yake. Hapo ndipo na mimi napatia riziki.

Basi simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa mama mmoja wa Kijerumani mwenye kaduka kake Hamburg. Mwaka juzi alipita kibandani, akanunua hereni jozi kumi, zikaisha kwa wiki moja. Sasa anataka jozi 300. Na kobazi jozi 80. Mwenzenu nikapiga hesabu ya haraka haraka: kodi ya kibanda miezi sita, ada ya mdogo wangu, na ile cherehani ya ngozi ninayoiota usiku. Nikaruka juu.

Halafu nikarudi chini, maana chini ya ujumbe kulikuwa na fomu.

Fomu yenyewe kurasa mbili. Kwa kila kipande cha hereni na kila kipande cha kobazi niandike kimetengenezwa kwa nini, nimekinunua kwa nani, na kama ndani yake mna nikeli, risasi, kadimiamu, kromiamu sita, na kemikali fulani za jamii ya lami. Pembeni visanduku vitatu: Ndiyo, Hapana, Sijui. Mwisho kabisa, jina langu na saini.

Jirani yangu wa kibanda, kijana wa mjini anayejua kila dili, akachungulia akacheka mpaka akashika mbavu. "Dada, acha ushamba. Weka hapana kuanzia juu mpaka chini, tia saini, chukua mshiko wako. Nani atafunga safari kutoka Ulaya aje kupima hereni Arusha?"

Sitawadanganya. Nilishika kalamu. Ilipofika kwenye neno nikeli, mkono ukagoma.

SIKIO LA MDOGO WANGU

Mwaka uliopita mdogo wangu wa kike alimaliza kidato cha nne. Nikampa zawadi ya hereni, bomba kweli kweli, nimezishona mwenyewe kwa shanga nyekundu na nyeupe. Siku ya tatu masikio yakaanza kuwasha. Wiki ya pili yamevimba, yanatoa maji. Na mimi dada mtu nikamgombeza: "Unajikuna na mikono michafu, ndiyo maana." Akanyamaza. Akazivua, akaziweka kwenye kikopo, na tangu siku hiyo hajavaa hereni yoyote.

Sasa fomu ya Mjerumani ndiyo ikanifundisha. Nikeli ni madini meupe yanayong'aa, hutiwa kwenye vitu vya bei rahisi ili vifanane na fedha. Katika vitu vyote vinavyoleta aleji ya ngozi kwa kugusana, nikeli ndiyo kinara. Tena ina tabia mbaya: mwili ukishaikataa mara moja, huikataa maisha yote. Kesho ni hereni, keshokutwa ni kifungo cha jinzi, mtondo ni mkanda wa saa. Denmark ndio waliotangulia kuiwekea sheria, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 1994.

Tatizo halikuwa kwenye shanga zangu. Lilikuwa kwenye kile kiwaya cha kupitisha sikioni, ambacho sikukitengeneza mimi. Nilikinunua. Na siku nakinunua sikuuliza kitu zaidi ya bei.

KILA KIPANDE NA JINA LAKE

Jioni nikamwaga hereni moja mezani, nikaifumua kama kuku wa Krismasi. Shanga. Uzi wa nailoni. Kikata cha ngozi cha nyuma. Kapete ka kuunganishia. Kiwaya. Vitu vitano kutoka kwa watu watano. Kobazi nayo: ngozi ya juu, ngozi ya kukanyagia, gundi, misumari, na soli ya tairi. Vingine vitano. Mimi ninayejiita mtengenezaji, kumbe ni mkusanyaji tu wa vitu vya watu.

Mtasema kiwaya ni kidogo, uzito wake si kitu ukilinganisha na hereni nzima. Wafanyabiashara wa Ulaya nao walileta hoja hiyo hiyo! Kule kuna sheria kubwa ya kemikali iitwayo REACH, iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2007. Ndani yake, tuseme kwa lugha ya mtaani, mna orodha mbili. Ya kwanza ni ya marufuku: kitu hiki kisizidi kiasi hiki, basi. Ya pili ni ya kusema: kemikali za kutiliwa shaka kubwa, ambazo zikizidi asilimia 0.1 ndani ya bidhaa, muuzaji lazima amwambie mnunuzi wake. Hata mteja wa kawaida akiuliza dukani, ana haki ya kujibiwa bure ndani ya siku 45. Orodha hiyo ilianza mwaka 2008 na majina 15, sasa yamepita 240. Risasi nayo iliingizwa humo mwaka 2018.

Ubishi ukawa: hiyo asilimia 0.1 inapimwa kwenye nini? Kwenye baiskeli nzima, au kwenye mpira wa mpini wake peke yake? Maana ukipima baiskeli nzima, sumu ya mpini inamezwa na uzito wa chuma. Kesi ilitoka Ufaransa ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 10 Septemba 2015 majaji wakasema: kila kipande kinahesabiwa peke yake. Mpini ni mpini, hata ukishafungwa kwenye baiskeli. Ndiyo maana yule mama wa Hamburg anakiulizia kiwaya changu kama anaulizia ukoo wa mkwe. Mzigo ukiingia kwao na matatizo, anayebanwa na sheria ni yeye aliyeuingiza.

SAFARI YA KIWAYA

Kesho yake nikaenda karibu na Soko Kuu, kwenye duka ninakonunua viwaya siku zote. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, leo mapema."

"Mzee, hivi viwaya ni vya madini gani?"

"Silva."

"Silva ya kweli?"

Akanitazama juu ya miwani. "Kwa bei hiyo, mwanangu? Silva ya kweli si ungeifungia benki?"

Tukacheka wote. Lakini kwenye fomu hakuna kisanduku cha kucheka. Mzee kwa ungwana wake akanipa namba ya tajiri yake wa Kariakoo. Nikapiga, nikajieleza kwa adabu zote. Jamaa akaniuliza: "Dada, unanunua au unafanya sensa?" Nikambembeleza, mwishowe akanitumia picha ya boksi. Mzigo umetoka Guangzhou, na kwenye boksi imeandikwa kwa Kiingereza safi kabisa kwamba hauna nikeli.

Roho ikatulia! Nikaweka alama kwenye Hapana, nikalala usingizi mnono.

Ila binamu yangu ni mwalimu wa kemia. Nilipomsimulia akasema: "Karatasi ya boksi ni maneno ya boksi. Lete viwaya tupime." Kuna dawa iitwayo dimethilglioksimu. Unachukua pamba, unaitia matone ya dawa hiyo na ya amonia, unasugua kitu chako kama nusu dakika. Pamba ikibaki nyeupe, haijaona nikeli inayotoka. Ikigeuka ya waridi, nikeli ipo na inatoka.

Tukasugua kiwaya cha kwanza. Pamba ikawa ya waridi kama lipustiki ya bibi harusi. Cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu sikungoja. Nikamwomba binamu asugue na zile hereni za kwenye kikopo cha mdogo wangu. Waridi.

Jamani, hapo nilikaa kwenye kiti nikanyamaza. Nilimgombeza mtoto wa watu kwa kosa langu.

KWA AKINA YEYO

Shanga nazo zilikuwa zinangoja. Jumamosi nikapanda Noah ya Namanga, nikashuka Oldonyo Sambu, upande ule Meru inapokuonyesha mgongo wake mkavu. Huko ndiko wanakoshona akina mama ninaowategemea. Nikamkuta yeyo mmoja wa makamo, kiongozi wao, amekaa chini ya mgunga na sahani ya shanga mapajani.

"Yeyo, hizi shanga zina nini ndani?"

Akacheka kwa meno yake ya kahawia, akanionyesha kwa kidole. "Mwanangu, unauliza shanga wakati maji yenyewe hatukuyauliza!"

Alinipiga panapouma. Nyie mliokulia pande hizi mnajua. Mlima wetu ni wa volkano, na mwamba wake hutia floridi kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya sehemu nyingi za kandokando ya Meru yanapita hapo. Ndiyo hayo meno ya kahawia ambayo watu wa mikoa mingine wanatutania nayo, na kwa wengine hata mifupa hupinda. Hayana ladha, hayana harufu. Unakuja kujua umekunywa nini pale kioo kinapokuonyesha meno ya mtoto.

Yeyo akanifundisha shanga. Zile za zamani zilizotoka Cheki, za kioo, anazijua kwa kuzipima kiganjani: zinalingana, rangi imo mpaka ndani. Za bei rahisi nyingine ni za plastiki, nyingine zimepakwa rangi juu tu, ukizilowanisha na kuzisugua zinakuachia rangi kidoleni. Hapo nikaelewa jambo. Risasi iliyoyeyushwa ndani ya kioo haitoki kirahisi, lakini iliyoko kwenye rangi ya juu inabanduka na kwenda popote.

Na popote penyewe nilipaona kwa macho. Mjukuu wake wa miaka kama miwili alikuwa amekaa pembeni, mkufu mdomoni, anaunyonya kama miwa. Yeyo mwenyewe, kila akitunga, alikuwa anaulowesha uzi kwa midomo na kushikilia shanga kwa meno.

Nikakumbuka habari ya Marekani ya mwaka 2006. Mtoto wa miaka minne wa Minneapolis alimeza kidude cha umbo la moyo kilichokuja kama zawadi pamoja na viatu vya Reebok. Kidude kilikuwa risasi karibu tupu, asilimia 99. Mtoto akafariki. Kampuni ikaviita virudi vidude 300,000, na mwaka 2008 ikakubali faini ya dola milioni moja. Kampuni kubwa kama ile, yenye mawakili na maghorofa! Kidude kilitengenezwa China, kikapita mikono mpaka kikafika kwa mtoto. Leo Umoja wa Ulaya unataka risasi kwenye vipande vya mapambo isizidi asilimia 0.05, na ulianza kuitekeleza sheria hiyo mwaka 2013.

NGOZI NI NGOZI?

Kurudi mjini nikaenda kwa fundi wangu wa kobazi. "Fundi, ngozi hii imelainishwa na nini?"

"Dada, ngozi ni ngozi."

Hapana, si hivyo. Ngozi nyingi za viwandani hulainishwa kwa chumvi za kromiamu. Ukiikata, katikati yake utaona rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Kromiamu ya kawaida ya kiwandani huitwa ya tatu, na si kali sana. Lakini kazi ikifanywa ovyo, au ngozi ikipigwa na joto kali, inaweza kugeuka ikawa ya sita, na hiyo ndiyo inayochubua miguu na kuleta aleji. Ulaya tangu Mei 1, 2015 hairuhusu izidi miligramu tatu kwa kilo ya ngozi inayogusa mwili. Njia nyingine ni ile ya mababu, ya maganda ya miti. Dawa ya maganda ya miwati inatoka hapa hapa nchini, kule Njombe, tangu enzi za mkoloni. Ngozi yake ni ya kahawia mpaka katikati.

Nikatafuta mtengeneza ngozi wa miwati. Huyu, Mungu ambariki, hakuniuliza kama nafanya sensa. Akaniandikia barua yenye muhuri: ngozi hii imelainishwa kwa miwati, kromiamu haikutumika, mzigo wa tarehe fulani. Karatasi moja tu, lakini niliibusu. Ndiyo karatasi pekee niliyopata katika safari nzima.

Soli ya tairi ndiyo iliyoniuma. Tairi ni fahari yetu! Mji huu ulikuwa na kiwanda chake cha General Tyre, na katambuga ni kiatu cha babu zetu. Fundi akasema: "Babu yangu kavaa hii mpaka kazikwa na miaka tisini." Sikubishana naye. Lakini mafuta yaliyokuwa yakilainishia mpira wa tairi yana zile kemikali za jamii ya lami, na baadhi yake huleta saratani. Ulaya iliyawekea kikomo kwenye tairi mpya mwaka 2010, na mwisho wa mwaka 2015 ikaweka kingine kwa mpira unaogusa ngozi ya mtu: miligramu moja tu kwa kilo. Tairi kuukuu la lori, ambalo hata sijui lilitengenezwa mwaka gani na nchi gani, nitalisemea nini?

NILIANDIKA NINI

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nikajaza fomu hivi: ngozi, Hapana, barua hii hapa. Viwaya vya zamani, nikeli Ndiyo, nimevitoa. Shanga za Cheki, Sijui, hazijapimwa, nakutumia sampuli. Shanga za kupakwa rangi, Sijui, nimezitoa. Soli ya tairi, Sijui. Gundi, Sijui. Nilipomaliza, fomu ilikuwa imejaa sijui kama mtihani wa mtoro.

Jirani yangu akasikitika. "Dada, umejichongea mwenyewe."

Siku tatu sikupata jibu. Usiku wa tatu nilikuwa nimeshaizika ile cherehani. Ya nne likaja. Mama wa Hamburg ananishukuru kwa zile sijui! Anasema wanaomwandikia hapana tupu ndio wanaompa kazi, maana inabidi apime kila kitu kwa gharama yake. Mimi nimemwonyesha pa kupima na pa kuacha. Shanga zikipita maabara atachukua hereni jozi 120, kwa sharti la viwaya vipya, na kobazi 40 zenye soli ya ngozi. Za tairi hapana.

Zikapita. Nikaenda kwa sonara, akanitengenezea viwaya vya fedha halisi, 925. Bei ya hereni ikapanda, nami nikamwambia kwa nini imepanda. Akalipa. Haikuwa jozi 300, na cherehani bado naiota. Lakini nimetia saini jambo ninaloweza kulisema mbele ya mtu yeyote.

Jozi ya kwanza ya fedha haikwenda Hamburg. Nilimpelekea mdogo wangu, nikamwomba radhi. Akazigeuza geuza mkononi, akaniuliza: "Dada, hizi zina nini ndani?" Nikamjibu neno kwa neno, mpaka jina la sonara. Ndipo akavaa. Wiki sita sasa, sikio kavu.

Linaloniuma, msomaji wangu, ni hili. Fomu ile iliulizia masikio ya Wajerumani. Ya mdogo wangu nani aliyauliza? Mkorogo wenye zebaki tumeupigia kelele, nao ukapigwa marufuku, kwa sababu kopo lina maandishi pa kuanzia. Hereni haina kopo. TBS ipo, Mkemia Mkuu wa Serikali yupo, na Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani tunayo tangu mwaka 2003. Lakini kabla ya wote hao yupo mnunuzi anayesimama kaunta, na yeye huuliza bei tu.

Kwa hiyo wiki hii, ukinunua hereni, kobazi au mkufu wa mtoto, ongeza maswali matatu baada ya bei. Imetengenezwa kwa nini? Umeitoa kwa nani? Unaweza kuniandikia? Muuzaji atakucheka, kama nilivyochekwa mimi. Wa kumi akimuuliza ataacha kucheka, ataanza kumpigia tajiri wake wa Kariakoo. Na akikujibu "sijui", mshukuru. Anayepaswa kukutia wasiwasi ni yule anayesema "haina kitu" kabla hujamaliza swali.

Mimi narudi kwenye shanga zangu. Tukutane wiki ijayo.